Kapitene ni yetu, na merkiri pia ni yetu

Kuko picha inayozunguka sana ku masimu ya vijana wa Butembo na Beni. Mgeni amesimama ndani ya boti, amekumbatia samaki kubwa kuliko mtoto wa shule, anacheka, kisha anairudisha mu maji. Watu wanashangaa mara mbili. Kwanza kwa ukubwa wa samaki. Pili kwa sababu mtu amelipa makuta mingi ili ashike chakula na kuiachilia. Na palepale swali inatoka: kwa nini isifanyike kwetu? Tuko na mito, tuko na ziwa, watu wanaongea juu ya mabaraji ya umeme. Baturisti waje na ndoano zao, vijana wapate kazi.

Sisi wa sendika ya wachimbaji wa dhahabu tunataka pia kutoa wazo letu. Wengine wanatuambia: ninyi mambo yenu ni shimo, nyundo na beleshi, mambo ya samaki inawatazama nini? Inatutazama sana. Kwa kifupi, tunasema hivi: uvuvi wa mchezo unaweza kuwa kazi nzuri na hatuukatai. Lakini hapa kwetu hauwezi kutangulia mbele ya vitu vitatu: maji safi, haki ya mvuvi wa kila siku, na kontra ya mfanyakazi. Na ku hiyo ya kwanza, sisi wachimbaji njo tunapaswa kuanza.

Maji yetu inafika mbali

Milima ya Lubero na Butembo ni sawa paa ya nyumba. Mvua ikianguka upande wa mashariki, maji inashuka ku ziwa Edouard ao ku mto Semliki. Semliki inatoka ku ziwa pale Ishango, inapita chini ya Ruwenzori, inaingia mu ziwa Albert. Kutoka Albert ni Nil. Nil inakatisha Uganda na Sudani ya Kusini, ambako sehemu kubwa ya maji inakauka mu mabwawa ya Sudd, kisha inapita Khartoum mpaka Misri. Mvua ikianguka upande wa magharibi, inaingia mu pori, mto unaingia mu mto mwingine, mpaka mto Kongo, na mwisho ku mabaraji ya Inga.

Kule Misri kuko baraji kubwa ya Assouan, iliyojengwa kati ya 1960 na 1970. Nyuma yake maji ilijaa, ikafanya ziwa Nasser, yenye urefu wa karibu kilometa 500 ukihesabu pia sehemu ya Sudani. Ni mu ziwa ile ya baraji ambapo kapitene ya kilo 104 ilishikwa kwa ndoano mu mwezi wa Desemba 2000, na njo inahesabiwa rekodi ya dunia. Watu wa Tanzania wanaita samaki hiyo sangara. Ni samaki ileile iliyo mu ziwa Albert, mlangoni pa Semliki. Basi picha ile inayoshangaza vijana wetu haitoki ku sayari nyingine. Sehemu ya maji ile samaki inaogelea, imeanzia ku milima yetu.

Upande wa magharibi nako kuko mkubwa mwingine: mbenga, ile yenye meno sawa misumari. Rekodi yake kwa ndoano ni kilo 44, na ilishikwa Kinshasa mwaka 1988. Kwa hiyo mtu wa Butembo asijione maskini wa samaki. Paa ya nyumba yetu inanyeshea wakubwa wawili, kapitene ya Nil na mbenga ya Kongo.

Tena, hakuna mtu wa kuja kutufundisha namna ya kutafuta samaki kubwa. Pale Ishango, mwaka 1950, mtaalamu Mubeleji Jean de Heinzelin alichimbua ule mfupa wenye alama ambao dunia yote inaujua, pamoja na vyuma vya mvuvi visivyo vya chuma: mikuki midogo ya mifupa yenye meno pembeni. Umri wake ni karibu miaka 20 000. Chini kidogo, ku Semliki, fasi inayoitwa Katanda, wataalamu walipata mikuki ya namna hiyo pamoja na mifupa ya kambale kubwa, na wakaihesabia karibu miaka 90 000. Watu walivua samaki kubwa ku Semliki mbele Misri haijajenga piramidi hata moja. Kwetu Kambale ni jina la mtoto na pia ni jina la samaki. Hiyo peke yake inatosha kuonyesha tunatoka wapi.

Tusilete kapitene fasi Mungu hakuiweka

Lakini kuko jambo moja ambalo vijana wengi hawajui. Mu ziwa Edouard hamna kapitene. Ilikuwamo zamani sana, mifupa yake imeonekana Ishango, lakini ilikwisha. Ile ya ziwa Albert haiwezi kupanda, kwa sababu Semliki iko na maporomoko yenye kufunga njia. Ni sawa vile kule Uganda, ku maporomoko ya Murchison. Pale Nil yote inajibana mu mlango wa mawe wenye upana wa metre 7 hivi, inaanguka metre 43. Chini ya maporomoko kapitene wamejaa, na njo pale baturisti wanalipa ruhusa ya kuvua kwa mchezo. Juu ya maporomoko, zamani, hakukuwa hata moja.

Tunasema zamani, maana mu miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, mu wakati wa Waingereza, watu walichukua kapitene ya ziwa Albert, wakaitia mu ziwa Kyoga na mu ziwa Victoria. Sababu moja ilikuwa kupata nyama mingi. Sababu nyingine ilikuwa hii hii tunaongea leo: mchezo wa ndoano ya wakubwa. Matokeo yanajulikana. Aina mamia ya samaki ndogo za ziwa Victoria zilipotea. Kisha viwanda vikaja, nyama safi ikapanda ndege kuelekea Ulaya, na ba mama wa kando ya ziwa wakabakia na vichwa na mifupa. Kule Kenya waliipatia jina: mgongo wazi. Mtu anakaa kando ya ziwa yake, anakula mgongo wazi.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni katazo. Mtu yeyote, awe na makuta, awe na cheo, awe na huruma ya kutafutia vijana kazi, asibebe kapitene kutoka Albert kuja kuitia mu ziwa Edouard ao mu ziwa yoyote ya baraji itakayojengwa juu ya maporomoko. Watu wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanaishi kwa tilapia na kambale. Ukiwaletea simba mu zizi la mbuzi, usiseme umewaletea utalii.

Ziwa ya baraji inashika uchafu wa mgodi

Sasa tuongee mabaraji. Ukweli ni kwamba Grand Nord haina ziwa kubwa ya baraji. Viwanda vya umeme vinavyojulikana mu jimbo, kama Mutwanga, Matebe na Luviro, vinatumia mwanguko wa maji. Havikufanya ziwa ya kutembeza boti ya mturisti. Lakini mahitaji ya umeme ni makubwa, watu na viwanda wanaongezeka, na siku moja mtu atakuja na karatasi ya kufunga mto kabisa. Afazali tuongee leo, mbele sima haijamwagwa.

Kwa kujua yatakayokuja, tuangalie ndugu zetu wa Katanga. Kule mabaraji yalijengwa kwa ajili ya mgodi. Union Minière ilifunga mto Lufira pale Mwadingusha, na tangu 1930 maji ilifanya ziwa Tshangalele. Mu miaka ya 1950 ikafunga Lualaba karibu na Kolwezi, na kukawa ziwa Nzilo. Umeme ulienda ku viwanda vya shaba. Wavuvi walikuja nyuma, wakajenga kando ya maji, wakalisha mingi ya meza za wafanyakazi wa Likasi na Lubumbashi. Mpaka hapo ni baraka.

Lakini baraji haishiki maji peke yake. Inashika pia kila kitu ambacho mto umebeba. Watafiti wa Université de Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubeleji, walipima ziwa Tshangalele wakaona madini ya viwanda vya Likasi imeingia mu matope yake na mu samaki zake. Mto unaokimbia unasafisha sehemu; mto uliofungwa unaweka akiba. Hiyo ni akiba ambayo hakuna mtu anaitaka.

Na sisi hapa, akiba yetu itakuwa nini? Merkiri. Tuseme wazi bila kujificha nyuma ya wazungu ao nyuma ya serikali. Ku machimbo ya dhahabu, kuanzia Lubero mpaka Ituri, merkiri inauzwa mu vichupa, inachanganywa na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha inachomwa mu sahani, mara nyingi ku moto ule ule wa kupikia bukari. Moshi unaingia mu mapafu ya yule anayechoma. Ile inayobaki inashuka na mvua mpaka ku mto. Umoja wa Mataifa ulihesabu mu ripoti yake ya 2018 kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu peke yake unatoa zaidi ya theluthi moja ya merkiri yote ambayo watu wanaitupa mu hewa ya dunia. Hiyo theluthi ni sisi na wenzetu wa nchi zingine.

Ndani ya matope, vijidudu vinageuza merkiri ile kuwa sumu ya namna nyingine, inayoingia mu mwili kwa urahisi. Samaki ndogo inakula kidogo. Samaki ya katikati inakula ndogo mia. Kapitene ao mbenga inakula za katikati mwaka kwa mwaka, na sumu haitoki, inajikusanya. Kwa hiyo samaki kubwa, ile nzuri ya kupiga picha, njo inayobeba mzigo mkubwa kupita zote. Mturisti anaiachilia, anapanda ndege. Sisi tunaila. Na mama mwenye mimba akiila mara kwa mara, sumu inafika ku ubongo wa mtoto ambaye hajazaliwa.

Ziwa mpya ya baraji inazidisha jambo hilo. Majani na miti iliyofunikwa na maji inaoza, na vijidudu vile vinapata karamu. Hiyo haikuonekana kwa maskini tu. Kule Kanada, mu Québec, mabaraji makubwa ya mto La Grande yalijaza maziwa, na samaki zinazokula wenzao zikapandisha merkiri kwa miaka mingi. Wenyeji Wacree waliokuwa wakila samaki hizo walidai, na mwaka 1986 wakasaini mapatano na serikali na kampuni ya umeme juu ya merkiri peke yake. Walifika pale kwa sababu mtu alipima. Hapa kwetu, nani anapima?

Haya ya Minamata

Kuko mji wa Japani unaoitwa Minamata. Kiwanda cha Chisso kilimwaga merkiri mu bahari, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambulikana rasmi: mikono inatetemeka, macho inafungika, watoto wanazaliwa wamepooza. Miaka ikapita. Wafanyakazi wa kiwanda walinyamaza, maana kiwanda kilikuwa mshahara wao. Lakini mwaka 1968 sendika moja ya wafanyakazi wale ilisimama mbele ya watu na kutangaza kwamba ni haya kwao kuwa hawakupigana kwa ajili ya wagonjwa, na kwamba toka siku ile watapigana.

Sisi wa sendika tunasoma habari ile na tunajifunza kitu kimoja. Wale walichukua miaka 12. Sisi hatuna sababu ya kungoja 12. Mchimbaji na mvuvi si maadui, mara nyingi ni ndugu wa mama moja: kaka yuko ku carré, mdogo wake yuko ku pirogi. Mmoja akitia sumu, mwingine anaiuza ku soko bila kujua, na wote wawili wanaila jioni ku sahani moja.

Njo maana tunaomba kila msimamizi wa shimo na kila negosian anayenunua dhahabu: anzeni na retorti. Ni chombo ya chuma yenye kufungwa, moshi wa merkiri unapita mu bomba, unapoa, unarudi kuwa merkiri, na mtu anaitumia tena. Fundi wa kusudisha chuma anaweza kuitengeneza. Anayechoma hapumui sumu, na mwenye merkiri hapotezi makuta. Baadaye tutafute kuacha merkiri kabisa. Negosian anayepatia mchimbaji merkiri kwa deni ili amuuzie dhahabu kwa bei ya chini, huyo tumwambie kwamba deni yake inalipwa na watoto wa watu.

Na vita?

Mtu atatuambia: ninyi mnaota. Toka mwezi wa Oktoba 2014 Beni inazika watu wake. État de siège ilianza tarehe 6 Mei 2021. Ku ziwa Edouard wavuvi wanakamatwa na askari wa maji wa nchi jirani, na mu mwezi wa Julai 2018 risasi zilipigwa kati ya majeshi mawili juu ya maji ile. Mturisti gani atakuja na ndoano?

Ni kweli. Hatuuzi ndoto ya kesho asubuhi. Lakini kungoja amani si kulala. Amani ikifika bila sisi kujitayarisha, wa kwanza kufika watakuwa wenye makuta, na karatasi zao zimeandikwa tayari. Tuliona hivyo ku madini. Kampuni inakuja na ruhusa kutoka Kinshasa, na chefu wa mugini anajua habari siku ya kupigwa mipaka. Ku samaki tusirudie.

Tukumbuke pia kwamba mvuvi wa kawaida amekwisha kubeba mzigo. Parc ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, inakubali uvuvi ku pêcheries tatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Anayetupa wavu inje ya kanuni anakamatwa. Mwenye bunduki mu pori naye anamtoza jetoni. Tunaheshimu kanuni ya kulinda mazalio ya samaki, maana bila mazalio hakuna kesho. Lakini haitawezekana mvuvi aambiwe maji hii imefungwa, kisha mgeni mwenye fimbo ya bei afunguliwe maji ileile kwa sababu amelipa. Kama maji imefungwa, imefungwa kwa wote. Kama inafunguliwa kwa mchezo, koperative ya wavuvi ikae ku meza na ipate sehemu yake.

Tunaomba nini

Moja: kila proje ya baraji ku mito ya Beni, Lubero na Butembo ipime kwanza merkiri mu maji, mu matope na mu samaki, mbele ya kujenga na kila mwaka nyuma ya kujenga. Matokeo isomwe kwa Swahili na Kinande ku radio, isibakie mu tiroir ya ofisi.

Mbili: njia ya samaki iandikwe. Samaki mingi zinapanda mto kutaga mayai. Ukuta ukiwafungia, mvuvi wa chini na wa juu wote wanapoteza. Watu wa Nubia walihamishwa karibu laki moja kwa ajili ya Assouan, wa Misri na wa Sudani pamoja. Mwenye kuhamishwa aandikwe kwa jina mbele maji haijapanda.

Tatu: Code minier ya 2018 inaomba kampuni ya madini isaini « cahier des charges » na wenyeji, na itoe 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Kama baraji inajengwa kwa kuwasha mgodi, tuombe samaki na maji viingie mu karatasi ile, kwa herufi, pamoja na masomo na hospitali.

Ine: siku mchezo wa ndoano utakapokuja, kijana anayeongoza boti, mama anayepika na mzee anayejua fasi samaki inalala, kila mtu awe na kontra, mshahara wa mwezi na matunzo akiumia. Bakishishi si mshahara. Tunajua vile mtu anavyozeeka ku shimo bila karatasi. Hatutaki azeeke vilevile ku pirogi.

Tano, na hiyo inatutazama sisi wenyewe: ku kila chimbo ambako sendika iko na wanachama, merkiri isichomwe tena wazi, isichomwe karibu na chakula, isichomwe mbele ya watoto na ba mama wenye mimba. Hiyo haingoji Kinshasa, haingoji mturisti, haingoji mwisho wa vita. Inangoja sisi tu.

Ba papa, ba mama, vijana wa machimbo: kapitene kubwa ni fahari, na tunapenda siku moja mtoto wa Kyavinyonge ao wa Beni njo aonekane ku picha ile, ameshika fimbo yake mwenyewe. Lakini samaki ile iwe ya kuliwa bila woga.